Kengele Niliyoiziba Mdomo

Uliyenisoma wiki iliyopita unakumbuka nilipokuacha: mama yuko sakafuni, mimi nimesimama juu yake, na siwezi kuinama kumshika.

Kwa uliyeingia leo, karibu, nitakupitisha haraka. Mimi ni fundi makochi. Tangu ujana nimebeba makochi ya watu, nikiyaingiza karakana na kuyatoa, mpaka pingili za mgongo zikasagana kama mawe ya kusagia. Madaktari wakanipasua, wakaziunga pingili hizo kwa vyuma na skrubu ziwe mfupa mmoja. Nikarudi nyumbani na mkanda mgumu kuanzia kifuani hadi kiunoni, na amri tatu: usiiname, usinyanyue, usijipinde.

Mama yangu naye ni mgonjwa wa moyo. Moyo wake umechoka kusukuma damu. Miguu humvimba, pumzi humkatika, na akilala chali huhisi anazama. Nilipokuwa hospitali alikaa kwa mdogo wangu wa kike, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Niliporudi tu, nikadai arudishwe kwangu.

"Kaka," mdogo wangu akaniambia, "wewe mwenyewe unahitaji mtu wa kukuvalisha soksi."

"Nimepona."

"Umepona wapi? Unatembea kama umemeza ufagio."

"Nimesema nimepona. Mimi ndiye mkubwa."

Hapo mazungumzo yakaisha. Kwetu neno hilo lilikuwa kufuli. Mama akarudi kwangu, nami nikaanza kumuuguza huku mwenyewe nikihitaji kuuguzwa.

Ndipo nikabuni kengele. Uzi wa nailoni, ule tunaofungia vifungo vya makochi, niliupitisha juu ya ukuta kwenye vigurudumu vya pazia, kutoka kitanda cha mama hadi juu ya kitanda changu. Fundi mwenzangu alipanda ngazi, mimi nikaelekeza kwa fimbo. Upande wa mama tulifunga kifungo kikubwa cha kochi, apate cha kushika, maana vidole vyake vimevimba na simu vimeishindwa. Upande wangu tukaning'iniza kengele ya shaba.

Majirani walikuja kuitazama. Mtu aliyesoma madarasa ya usiku, mchana akipigilia misumari, hupenda watu waone akili yake ikifanya kazi. Mtaani huniita Kamusi. Siku ile jina hilo lilinikaa vizuri.

Wiki iliyopita niliandika kwamba mama alipoanguka kengele haikulia. Ni kweli. Haikulia. Lakini sikuandika kwa nini.

Leo naandika.

* * *

Mchana ule mama alikuwa na siku ya kuita.

Kengele ikilia, mimi siruki kama watu wengine. Najigeuza ubavu, mwili wote kwa pamoja kama gogo. Nashusha miguu. Najisukuma kwa mkono. Nafunga mkanda. Ndipo nasimama, ndipo natembea, na muda wote huo mgongo unanitukana.

"Umeita, Mama."

"Nimeita? Ehee. Mvua inakuja?"

"Haiji."

"Basi nguo zisianuliwe."

"Hakuna nguo nje, Mama."

"Ndiyo nasema zisianuliwe."

Nikarudi. Nikalala kwa utaratibu uleule, nikianzia mwisho kwenda mwanzo. Kengele ikalia.

"Mama."

"Yule bwana wa kochi jekundu, alikuja kulichukua?"

"Alifariki, Mama. Ulikwenda msibani."

"Lo. Na kochi?"

"Tulimuuzia mwingine."

"Vizuri."

Nikarudi. Ikalia tena. Safari hii nilipofika mlangoni niliguna kwa sauti, nikajishika kiuno, nikaegemea ukuta. Kuguna kule, msomaji, kulikuwa kukubwa kuliko maumivu. Nilitaka asikie.

"Pole, mwanangu. Inauma?"

"Sana, Mama. Ulitaka nini?"

"Hakuna. Nilitaka kujua kama bado inafanya kazi."

Nilirudi chumbani nikiwa na hasira ya kitoto. Nikameza kidonge changu cha maumivu, kile kinacholeta usingizi mzito. Kitandani kwangu kulikuwa na kipande cha sponji ninachoweka chini ya magoti. Nikakata pembe yake kwa mkasi wa kazi, nikauzungushia ulimi wa kengele, nikashindilia vizuri. Mkono wa fundi haukosei. Hata ningeivuta mwenyewe isingetoa sauti.

Kidogo tu, nikajiambia. Nivute usingizi kidogo.

Nilipoamka, jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Nyumba ilikuwa kimya, na ule ukimya sikuupenda.

Mama alikuwa chini kando ya kitanda, mguu mmoja umegeukia nje, mfupi kuliko mwenzake. Alikuwa macho. Alininyooshea mkono.

Mkono wake uko kule chini, mimi niko huku juu, kama watu waliotenganishwa na mto. Nilijaribu kupiga goti. Mkanda ukanikaba, mgongo ukakataa.

"Nakuja, Mama," nikasema. "Nakuja sasa hivi."

Nikageuka. Ungedhani nilikwenda kumwita jirani. Hapana. Nilikwenda chumbani kwangu, nikajivuta juu mpaka skrubu zikanikumbusha zilipo, nikatoa ile sponji kwenye kengele, nikaitia mfukoni.

Kisha ndipo nikamwita jirani.

Nimeyaandika maneno hayo na kuyafuta mara nyingi. Sasa nimeyaacha.

* * *

Jirani yangu ni fundi bomba. Alikuja na vijana wake wa kazi, wakamtelezesha mama juu ya godoro, wakalibeba godoro pande zote nne mpaka kwenye gari lao, katikati ya mabomba.

Lakini fundi bomba ni mtu wa kuchunguza. Kabla hawajambeba, alivuta kile kifungo. Kengele ikalia kule chumbani kwangu, safi kabisa.

"Kamusi, mbona inalia?"

"Inalia."

"Basi mama hakuita."

"Sikuisikia," nikasema.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilijifunza siku ile kwamba mtu anaweza kujenga nyumba nzima ya uongo kwa matofali ya kweli tupu.

Hospitali walimpiga picha. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari wa mifupa, mtu mwenye mikono mikubwa kama seremala, alisema hakuna njia mbili: apasuliwe, wamtie chuma, aketi na kusimama upesi. Akilala chali na moyo ule, maji yatapanda kwenye mapafu.

"Lini?" mdogo wangu akauliza. Alikuwa amefika na aproni yake ya dukani, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi.

"Kesho asubuhi, akikubali mwenzangu wa usingizi."

Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke mmoja mpole, anayeongea taratibu kama anayemlaza mtoto. Alivuta kiti, akaketi karibu na mama.

"Bibi, ulianguka vipi?"

"Nilianguka."

"Uliteleza? Ulijikwaa?"

Mama alinitazama kwanza. Kisha akamgeukia daktari.

"Nilisikia giza. Nilikuwa nimekaa tu pembeni ya kitanda. Giza likaja, nikajikuta chini."

"Hukumwita mtu?"

"Ningemwitaje, mwanangu, na giza limeshaingia?"

Daktari akanigeukia mimi. "Mzee, aliita?"

"Kengele haikulia," nikajibu.

Akatikisa kichwa polepole. Alitutoa nje kwenye ukumbi, akatueleza kwa maneno ambayo hata asiyesoma angeyaelewa. Kama mama angekuwa ameita, akangoja, kisha akajaribu kuinuka mwenyewe akateleza, hiyo ni ajali. Wangempasua kesho. Lakini kama alizimia ghafla akiwa amekaa, maana yake moyo ulisimama kidogo. Moyo unaosimama wenyewe mchana kweupe haupewi nusu kaputi.

"Kwa hiyo?" mdogo wangu akauliza.

"Kwa hiyo tunasubiri. Tutaupima moyo kwanza, tuone."

"Na kusubiri si vibaya?"

Daktari aliangalia viatu vyake. "Kwa mgonjwa kama huyu, dada yangu, kusubiri si kuzuri."

* * *

Viti vya ukumbini vilikuwa vifupi, siwezi kuvikalia. Nilisimama ukutani. Mdogo wangu alivua aproni yake, akaikunja, akaiweka kati ya mgongo wangu na ukuta.

"Hapo vipi?"

"Hapo sawa."

Akasimama nami. Alikuwa analia bila kutoa sauti, machozi yakichora njia kwenye saruji.

"Kosa ni langu," akasema.

"Lako kwa vipi?"

"Juzi niliongea naye kwenye simu yako. Nikasikia pumzi inakatika katikati ya neno. Nikasema nitakuja kumwona, nikapata mteja wa mabati, nikasahau. Moyo ulikuwa unaniambia. Na wewe, mwenye vyuma mgongoni, unaamka kumfungulia dirisha na kumfungia." Akanishika mkono. "Kaka, nilikusema vibaya siku ile ya soksi. Mgonjwa unamuuguza mgonjwa. Nisamehe."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilisema kwa sauti ya mtu mnyenyekevu. Akazidi kulia.

Kuna watu hupigwa kwa makosa yao. Mimi nilikuwa naombwa msamaha kwa langu.

Niliamini kwamba mama ananifichia. Mama ni mama, nikajiambia. Ameona nimekosa, amenifunika kama alivyonifunika utotoni nilipovunja kioo cha watu. Ila sasa blanketi alilonifunika nalo ndilo litakalomkosesha pumzi. Nisiposema, hapasuliwi. Asipopasuliwa, anakufa. Na nikisema, mdogo wangu atamchukua, na itakuwa haki yake.

Nilipima hayo mawili muda mrefu kuliko mwana anavyopaswa kuyapima. Mwishowe nikamtuma mdogo wangu akanywe maji, nikaingia wodini peke yangu.

* * *

Wauguzi wawili walikuwa wanamgeuza. Mmoja alihesabu, mwenzake akavuta shuka, mama akageuka kama gogo. Aliuma pembe ya mto. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mama akiuma kitu ili asipige kelele.

Walipoondoka nilisogea.

"Mama, nakwenda kumwambia daktari ukweli."

"Upi?"

"Kwamba uliita."

"Niliita sana," akasema. "Mpaka bega likaniuma."

Nilishika chuma cha kitanda. "Kumbe unajua."

"Uzi ulikuwa mzito, kengele hailii. Nikasema, mwanangu amechoka, ameifunga mdomo. Sikukasirika. Ningekuwa mimi ningeitupa kisimani."

"Sasa kwa nini uliinuka mwenyewe?"

"Haja ndogo haina subira, baba. Nikawaza, nikiachia hapa nitalowesha godoro. Atalitoa nje na mgongo gani?"

Alikuwa ameinuka ili asinibebeshe godoro.

"Halafu ukaja ukasema nakuja, nakuja, ukaenda zako. Nikajua unakwenda wapi. Uliporudi sponji ilikuwa imechungulia mfukoni kama leso ya bwana harusi."

"Na bado umenifichia."

Mama alifungua macho vizuri. Yalikuwa makali.

"Nani kakufichia? Usijipendelee. Mimi sitaki kupasuliwa."

"Unasema?"

"Umesikia. Nilimsikia daktari wa mifupa tangu kwenye kile chumba cha picha. Mgonjwa hana sauti lakini masikio anayo. Kule kijana wa picha aliniambia, bibi, wenye moyo mbovu wakizimia hawapewi usingizi. Nikasema, kumbe. Basi nimezimia."

"Mama, kama hutaki, si umwambie daktari hutaki?"

"Mdogo wako je? Atalia hapa. Ataita baba zenu wadogo, ataita mashangazi, watanizunguka kitandani kama mwali, nikubali, nikubali. Mimi sijui kumkatalia mtoto anayelia. Lakini daktari akikataa mwenyewe, nani atambishia?"

"Usipopasuliwa husimami tena."

"Nimesimama miaka mingi. Sikuona faida kubwa."

"Na utakufa."

"Na nikipasuliwa nitaishi mpaka lini?" Akapumzika kidogo, pumzi zikimfukuza. "Sikia. Ukisema, mdogo wako ananichukua na hawa wananipasua. Ukinyamaza, wewe jina lako linabaki safi na mimi nyama yangu inabaki nzima. Kila mtu anapata chake. Hata sokoni hupati biashara kama hiyo."

Nitakuambia jambo baya, msomaji. Nilifarijika. Kifua kilifunguka ndani ya mkanda. Si mimi ninayemuua, nikajiambia, ni yeye anayechagua. Mimi ni mtoto mtiifu. Nikajiona hata mwenye huruma.

Kisha nikauliza swali ambalo laiti nisingeliuliza.

"Kwani kupasuliwa unakuogopea nini?"

"Si nimekuona wewe?"

"Umeniona vipi?"

"Kila nikikuita unakuja unaguna kama ng'ombe anayezaa. Unashika ukuta, unafumba macho. Mwanaume mzima. Nikawaza, huyu bado mbichi, mifupa yake ina nguvu, na kisu kimemfanya hivi. Mimi gofu kitanifanyaje? Sitaki, baba. Nimeona kwa macho yangu. Sikuhadithiwa."



Mbele ya mdogo wangu nilijifanya nimepona ili nisipokonywe mama. Mbele ya mama nilijifanya naumia zaidi ili asiniite ovyo. Kila mmoja alipata uongo wake, na mama alikuwa ameuchukua wake, ameupima, na ameamua kufa nao.

"Mama," nikasema, "ile miguno ilikuwa ya makusudi."

"Nini?"

"Nilikuwa nazidisha. Nilitaka unionee huruma upunguze kuita."

Macho yakamshuka mpaka kwenye mkanda wangu.

"Hata ule wa asubuhi?"

"Ule wa asubuhi ulikuwa wa kweli. Ile mingine ni nusu. Kabla ya kupasuliwa sikuweza kusimama hata kupiga mswaki. Sasa nimesimama hapa tangu umeletwa. Inauma, ndiyo. Lakini inapungua. Wallahi inapungua."

"Unasema hivyo nikubali kisu."

"Nasema kweli."

"Hata mchana ulisema kweli. Ulisema nakuja sasa hivi."

Akageuzia uso ukutani. Nilibaki nimesimama, mtu ninayesahihisha maneno ya wenzangu mtaa mzima, na sina neno moja ambalo mama yangu angeliamini.

* * *

Pazia likavutwa. Daktari wa usingizi aliingia na mdogo wangu nyuma yake.

"Mzee," daktari akasema, "nataka kuandika uamuzi. Kuna lolote jipya kuhusu kule kuanguka?"

Mama alinikazia macho kutoka kwenye mto wake. Hakusihi. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kulipwa anavyomtazama mwenzake.

"Lipo," nikasema.

Nilisema yote. Sikuketi, sikushika ukuta, sikuguna. Nilisema kengele niliiziba kwa sponji. Nilisema mama aliivuta mpaka bega likamuuma, akangoja, akainuka kwa akili zake timamu kwenda haja, akateleza. Nilisema hakuzimia. Nilisema hata alipokuwa chini nilikwenda kwanza kuificha aibu yangu, ndipo nikaita watu.

Mdogo wangu hakutikisika. Nilingoja kofi. Nilikuwa nalitaka.

"Bibi?" daktari akasema.

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemhurumia mgonjwa mwingine.

"Mwanangu mpole sana huyu. Ameona nisipozimia nitapasuliwa, basi ameamua kubeba lawama. Tangu atiwe vyuma anameza vidonge vya kumlevya. Asubuhi ananiita mama, mchana anazungumza na makochi. Usimsikilize, daktari."

"Mama, nimeacha kumeza tangu—"

"Unamwona? Anabisha."

"Kengele ilikuwa imezibwa," nikasema.

"Muulizeni fundi bomba," mama akajibu taratibu. "Aliivuta mwenyewe mbele yangu. Ililia kama ya shule."

Ushahidi wake ulikuwa wa kweli. Nilikuwa nimeuandaa mwenyewe kwa mikono yangu, nikauacha pale uje kunikuta.

Daktari alimtazama mama. Akanitazama mimi. Nadhani katika kazi yake alishaona watoto wanaokataa makosa. Wanaoyapigania labda hakuwahi kuwaona.

"Mmoja wenu hasemi kweli," akasema, "na mimi siwezi kumlaza mtu usingizi kwa kubahatisha." Akamgeukia mdogo wangu. "Dada, wewe unawajua wote wawili. Nimwamini nani?"

Mdogo wangu alinikaribia. Alikuwa amenawa uso, ile saruji imetoka, nikaona amezeeka. Akaushika mkono wangu, akaupapasa kama unavyompapasa mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Mwamini mama," akasema. "Kaka yangu namjua, daktari. Hata siku ile mgongo umemgoma alimng'ang'ania mama akae kwake. Huyu hawezi kumzibia mama kengele. Hawezi. Anasema hivyo kwa mapenzi tu."

Maisha yangu yote nilitamani kusikia maneno hayo yakisemwa mbele ya watu waliosoma.

"Mimi ni mkubwa wako," nikamwambia. "Nakuambia nilifanya."

"Najua, Kaka. Pumzika."

Kufuli lile la zamani halikufunga tena. Mama alikuwa amefumba macho, ametulia, mshindi. Daktari aliandika mstari mmoja, akaweka kalamu mfukoni, akatoka. Nilimsikia ukumbini akimwambia muuguzi alifute jina la bibi wa kitanda cha dirishani kwenye orodha ya kupasuliwa kesho.

Nikautoa mkono wangu mkononi mwa mdogo wangu. Nilipofika mlangoni, daktari alikuwa tayari mwisho wa ukumbi, anakunja kona kuelekea ngazini.

"Kaka, unakwenda wapi? Kaka, mgongo wako."

Nilikatazwa kuinama, kunyanyua na kujipinda. Kukimbia hawakukutaja, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mtu kama mimi angejaribu.

Nikakimbia.